Paa wa Thumni

Zipo hadithi ambazo mtu huzisikia utotoni, akadhani amezisahau, kumbe zimekaa kimya zikimngoja. Kwangu mimi hadithi ya namna hiyo ni ile ya maskini na paa wake. Nilisimuliwa na bibi yangu, mama yake mama, katika kijiji cha wavuvi kusini ya Pangani, miaka ya 1950 ilipokuwa ukingoni. Alikuwa akisuka ukindu gizani huku akisimulia, maana mikono yake haikuhitaji taa. Baadaye nilipitia chuo cha ualimu, nikafundisha na kuongoza shule za msingi kwa miaka 38. Sasa nina umri wa miaka 74, na kati ya vyote nilivyovisoma hakuna kilichonisumbua kama ngano hii. Nataka kuuliza, basi, ni kitu gani kinachozifanya ngano zidumu hivi.

Kwanza kisa chenyewe. Palikuwa na maskini aliyeshinda jaani akichakura kama kuku, akiokota punje za mtama. Siku moja akaokota thumni ya fedha katika takataka. Badala ya kununua chakula akanunua paa, na majirani wakamcheka. Kumbe paa yule alikuwa akisema kama binadamu. Alipokuwa malishoni akaona almasi, akaipeleka kwa sultani wa mji wa mbali, akasema ametumwa na bwana wake, Sultani Darai, kuposa binti. Kisha akamwogesha yule maskini mtoni, akazua habari kwamba wezi wamempora bwana nguo njiani, akaletewa mavazi ya kifalme, na harusi ikafungwa. Hakuishia hapo. Alikwenda peke yake kupambana na nyoka mwenye vichwa saba, akavikata vyote, akamkabidhi bwana wake jumba la nyoka pamoja na mali yote iliyokuwamo.

Msomaji aliyesoma vitabu vya Ulaya atakuwa amekwisha kumtambua paa huyu. Ni ndugu yake yule paka aliyevaa viatu, ambaye Charles Perrault alimwandika huko Ufaransa mwaka 1697. Na kabla ya Perrault, Waitalia wawili walikwisha kumwandika paka wa aina hiyo: Straparola katika miaka ya 1550, na Basile, ambaye kitabu chake kilitoka Napoli kati ya 1634 na 1636. Ngano yetu sisi iliandikwa na Edward Steere, mmisionari Mwingereza, kama alivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja, akaichapisha London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mwaka 1901 Andrew Lang akaitia katika kitabu chake cha ngano, na watoto wa Uingereza nao wakamjua paa wa Waswahili. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali.

Lakini tofauti ya mapishi hayo haiko mwanzoni. Kote yuko maskini, yuko mnyama mwerevu, kuna uongo wa nguo na harusi ya binti wa mfalme. Tofauti iko mwishoni.

Kwa Perrault, paka anafanywa bwana mkubwa, na tangu siku hiyo hafukuzi panya ila kwa kujifurahisha. Kisha mwandishi anaongeza mafunzo mawili: kwamba bidii na akili ni bora kuliko urithi, na kwamba mavazi, sura nzuri na ujana vina nguvu katika kuvuta moyo wa mwanamke. Ni mwisho wa kuchekesha, ulioandikwa kwa ustadi, na msomaji anaufunga ukurasa bila deni lolote.

Basile ni mkali zaidi. Kwake paka anajifanya amekufa ili ampime bwana wake, ambaye ameahidi kumtunza vizuri hata baada ya kufa kwake. Bwana anaagiza atupwe dirishani. Paka anaruka, anamwambia yaliyo moyoni mwake, kisha anakwenda zake.

Msimuliaji wa Unguja amekwenda mbali kuliko wote wawili. Paa anaugua kweli. Amelala chini, na bwana yuko juu na mkewe. Mtumishi mzee anapanda na kushuka akipeleka habari. Bwana anaagiza mgonjwa apikiwe uji wa mtama mwekundu. Mkewe anashtuka, kwani hata farasi wao hawalishwi chakula hicho. Bwana anajibu kwamba paa huyu alinunuliwa kwa thumni tu. Mke anampelekea mgonjwa chakula chake mwenyewe, lakini moyo wa paa umekwisha kuvunjika. Anakufa, na bwana anaamuru atupwe kisimani. Ni mke na baba yake, yule sultani, wanaomlilia na kumzika kwa heshima. Halafu usiku mmoja mke anaota yuko kwa baba yake, akaamka akajikuta yuko huko. Naye bwana akaota yuko jaani anachakura, akaamka, na kweli yuko jaani anachakura.

Haliongezwi fundisho lolote. Hadithi inaishia hapo.

Mtaalamu Bruno Bettelheim, katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1976 juu ya ngano na watoto, alishikilia kwamba ngano humfariji mtoto, na kwamba kisa kama cha paka aliyevaa viatu humpa matumaini kuwa hata mnyonge anaweza kufanikiwa. Simpingi kwa nusu ya kwanza ya kisa chetu. Watoto wa Darasa la Tatu niliowasimulia walikuwa wakisogea mbele ya madawati paa alipoingia kwa nyoka. Lakini nadharia hiyo haielezi kwa nini watu wazima wa Unguja, ambao bila shaka walijua kufurahisha hadhira, walichagua kumrudisha shujaa jaani. Faraja huisha mara mtoto anaposhiba. Kinachodumu ni deni. Nusu ya kwanza inatwambia tutainuliwa. Nusu ya pili inauliza tutamfanyia nini aliyetuinua, na swali hilo halizeeki, kwa sababu kila kizazi huwa na watu wake wa thumni.

Sisemi kwamba ngano hii haina kasoro. Almasi inapatikana kwa bahati tupu, bila jasho. Mke, ambaye ndiye mwenye utu kuliko wote, hatajwi hata jina. Na utajiri wote umejengwa juu ya uongo ambao paa hauonei haya. Hata hivyo naona kasoro hiyo ya mwisho inaupa mwisho nguvu yake: bwana alisahau kwamba jina lake lenyewe, Sultani Darai, lilikuwa zawadi ya mnyama.

Sasa sina budi kukiri jambo. Kwa miaka mingi darasani sikuifikisha hadithi hii mwisho. Niliikata kwenye jumba la nyoka, nikawaambia watoto kwamba wakaishi raha mstarehe. Nilijitetea kwamba ni ualimu mwema, kwamba watoto waende nyumbani na furaha. Lakini mwanzoni mwa kazi yangu nilikuwa nikiisimulia yote. Nilianza kuikata baada ya mwaka 1986.

Mwaka huo bibi aliugua. Ni mikeka yake iliyonunua sanduku langu la bati na nauli yangu ya kwenda chuoni. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu Singida, na mitihani ilikuwa karibu. Alituma mtu kuniambia anaumwa, wala hakuomba kitu. Nikampa mwenzangu aliyekuwa akisafiri kwenda Tanga fedha kidogo na barua fupi, nikaagiza apikiwe uji mwepesi na apelekwe hospitali. Barua ilikuwa na maneno mazuri. Nilipofika mwenyewe, mitihani imekwisha, nilionyeshwa kaburi.

Shukrani ya punda ni mateke, husema wahenga, na sikuwahi kudhani kwamba walinisema mimi, maana mimi nilituma fedha. Mwaka jana mjukuu wangu aliniomba hadithi, nami, sijui kwa nini, nikaisimulia hadi mwisho. Alisikiliza habari za uji bila kusema kitu. Kisha akauliza, "Babu, kwani yule bwana alikuwa hawezi kushuka ngazi?"

Nilimjibu kwamba aliweza. Akataka kujua kwa nini basi hakushuka. Nikamwambia alidhani kutuma mtu kunatosha. Siku ya pili yake nilipanda basi kwenda Pangani, nikapalilia kaburi kwa mkono wangu.