Kisu cha Mia Tatu Hamsini Dhidi ya Ngeta

Soko la Toi, ukishapita viatu, jeans na mapazia, kuna meza za vikorokoro vya chuma: makufuli, koleo, tochi, mikasi. Kwenye meza kama hizo ndipo utapata kisu cha kukunja cheusi ambacho vijana wengi wa mtaa wamekishika hata kama hawajakinunua. Muuzaji anakifungua kwa kidole gumba, tak!, anakifunga, anakifungua tena. Halafu anakupa bei pamoja na sababu: "Hii ni ya kujilinda, boss. Si unajua Nairobi usiku." Changu kilianzia mia sita, tukaelewana mia tatu hamsini.

Swali langu ni moja tu: kinalinda? Kitu kikiuzwa kwa jina la kazi fulani, ni haki kukipima kwa kazi hiyo, na kukipimia mahali kitakapotumika.

Tuanze na mwili wake. Bapa lina urefu wa kidole cha kati, limepakwa rangi nyeusi, na nusu ya makali ina meno kama ya msumeno. Mgongoni kuna klipu ya kukining'iniza mfukoni. Kwenye kitako cha mpini kuna ncha ya kuvunjia kioo cha gari, na kando yake kiwembe cha kukatia mkanda wa gari, kana kwamba mathree zetu zote zina mikanda. Jina la kampuni halipo. Kuna neno moja tu, "tactical", na tayari linaanza kufutika.

Sura hii ina historia. Visu vya kukunja vilikuwa vya wakulima na mafundi kwa muda mrefu. Joseph Opinel alianza kutengeneza vyake kule Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na vilikuwa vya kukatia mkate, jibini na matawi. Mwaka 1981 kampuni ya Spyderco ya Colorado, Marekani, ilitoa kisu chenye klipu ya mfukoni na tundu la kufungulia kwa kidole gumba, na hapo kisu cha mfukoni kikawa kitu cha kuchomolewa kwa mkono mmoja. Baadaye wakaja walimu wa mapigano waliochora visu vya kukunja kwa ajili ya kujilinda tu. Hicho cha Toi ni mjukuu wa mbali wa hao wote. Amerithi sura na kuachiwa chuma duni.

Nimekaa nacho miezi miwili, na kwa kazi ndogondogo sina lawama. Rafiki yangu anayeuza viatu pale Toi alikitumia kukata ile mikanda ya plastiki inayofunga marobota ya mitumba, na yale meno yaliipitia bila shida. Kimefungua makatoni, kimekata kamba, kimemenya viazi. Makali yanaisha haraka, lakini yanarudi haraka pia ukiwa na jiwe la kunolea. Hapo ni kisu cha heshima kabisa.

Shida inaanza kwenye loki. Kisu hiki kinazuiwa kisijifunge na bamba jembamba la chuma lililo ndani ya mpini, muundo ulioenezwa na Mmarekani Michael Walker miaka ya 1980. Ukitengenezwa vizuri, muundo huo unaaminika. Kwenye changu, bamba linagusa ukingo tu wa bapa. Niligonga mgongo wa kisu kwenye ubao, vidole vikiwa mbali, na mara ya tatu loki iliachia na bapa likajifunga. Kama vidole vingekuwa mahali pake, nisingeandika hii kwa mikono miwili. Tena hakuna kikingio kati ya mpini na makali, kwa hiyo mkono wenye jasho unateleza mbele, kuelekea kwenye makali yenyewe. Sime ya Mmaasai haina bawaba. Ni chuma kimoja kutoka ncha hadi mpini, na aliyeiunda hivyo alijua kiungo ndipo kitu huvunjikia.

Lakini tuseme umepata kizuri, cha bei, loki imara. Bado kuna swali la muda. Dennis Tueller, polisi wa Salt Lake City, aliandika mwaka 1983 kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, yaani kama mita sita na nusu, kwa takriban sekunde moja na nusu. Alikuwa akiwaonya polisi wenye bastola kiunoni kwamba huenda wasiwahi kuichomoa. Kama mwenye bastola hawahi, wewe mwenye kisu kilichokunjwa, ndani ya jeans ya kubana, utawahi nini?

Na hapo Tueller anamzungumzia mtu unayemwona akija. Nairobi yetu haina adabu hiyo. Hapa kuna ngeta. Mkono unatoka nyuma, unakukaba shingo, miguu inainuka kidogo kutoka ardhini, na wakati unatafuta hewa mwenzake tayari yuko mifukoni mwako. Fikiria vizuri hapo. Mkono wa kwanza kukigusa kisu chako hautakuwa wako. Umemnunulia mwizi silaha kwa mia tatu hamsini na ukambebea mpaka kazini kwake. Kama si ngeta, ni simu kunyakuliwa na abiria wa pikipiki, na kabla hujamaliza kusema "haki!" wameshapinda kona.

Ukibahatika kukitoa, kuna hatari nyingine ambayo waliochora visu hivi hawakuifikiria. Mtu akipiga kelele za mwizi, watu wanatoka kwenye vibanda na mawe mkononi. Hawana muda wa kuuliza nani alianza. Wanaangalia nani ameshika kisu. Kama wewe ni kijana wa miaka ishirini na kitu, umevaa hudi, unahema, na kisu kimefunguka, umeshahukumiwa.

Makarao nao wana hesabu zao. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinatambua haki ya kujilinda. Lakini kifungu cha 308 kinasema ukipatikana na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha ulikusudia uhalifu, unakabiliwa na kifungo cha miaka saba hadi kumi na mitano. Neno zito hapo ni "mazingira". Kichochoro cha Makina saa nne usiku ni njia ya kwenda nyumbani kwako. Kwa afisa anayekupapasa mifuko, ni mazingira. Yule muuzaji wa Toi aliyekwambia ni ya kujilinda hatakuja kortini kutoa ushahidi.

Nilimwambia rafiki yangu wa viatu haya yote, maana yeye hubeba cha kufanana na changu akifunga kibanda kurudi Kawangware. Akaniangalia tu. "Si ya kutumia," akasema. "Ni ya kunipa moyo."

Jibu hilo nimelichukulia kwa uzito, kwa sababu hofu yake si ya kubuni. Ila moyo huo una gharama. Aliniambia mwenyewe kwamba siku ambazo hana kisu hungoja wenzake wafunge, kisha wanatembea watatu mpaka stejini. Siku akiwa nacho anakata njia peke yake gizani. Kisu kimebadilisha njia yake na kumpeleka palepale ngeta ilipo. Kwangu, hilo ndilo kosa kubwa la bidhaa hii, kubwa hata kuliko loki.

Wanaojua kujilinda kwa hali ya mitaa yetu wanafundisha mambo mengine. Mashosho wa Korogocho, waliojifunza kujikinga dhidi ya wabakaji, walianza na sauti: kupiga kelele kwa nguvu ili majirani wasikie. Kisha wapi pa kugonga, pua, macho, na baada ya hapo kukimbia. Sauti haichomolewi mfukoni, na ukiitoa haikufanyi ufanane na mwizi.

Kwa hiyo: kama kifaa cha kazi, nakipa saba kwa kumi. Kama kisu cha kujilinda, sikipi hata mbili. Ukikiona Toi na una marobota ya kufungua, kinunue, kaza skrubu, ukifungie ndani ya kibanda ukienda nyumbani. Kama unachotafuta ni kufika Kawangware salama, ngoja wenzako wafunge. Na siku umechelewa kabisa, mia tatu hamsini ni nauli ya boda, na chenji inabaki.