Sifa za Mchora Ramani ya Nyoka

Miongoni mwa sanaa ambazo wataalamu wa viumbe wamezizua katika zama zetu, sijui kama ipo inayostahili sifa nyingi ikapewa chache kama hii ya kumwandama nyoka mgeni kwenye karatasi kabla hajawasili kwa tumbo lake. Yaani kukaa kitako na kuuliza, kwa insafu na bila kupiga ramli, ni nchi zipi zitakazomfaa, na joto la dunia litakapozidi, mipaka ya nchi hizo itasogea mpaka wapi. Naandika haya nikiwa na Lodwar na Kakuma moyoni, kwa kuwa Turkana imekwisha kuonja uchungu wa mgeni asiyepimwa: mathenge, mti wa asili ya Amerika uliopandwa katika nchi kavu za Kenya kwa nia njema ya kulizuia jangwa, leo umesonga kingo za mto Turkwel na mapito ya mifugo, na kuung'oa ni kazi isiyokwisha.

Nyoka ninayemkusudia hana sumu ya kumdhuru mtu. Mfaransa Daudin alimpa jina la braminus mwaka 1803, kwa habari zilizotoka India, na tangu hapo amesafiri ndani ya udongo wa mimea ya vyunguni hata akaenea katika kila bara isipokuwa Antaktika. Pwani yetu pia amekwisha kuwa mkaazi. Urefu wake aghalabu haupiti sentimita 17. Ukimweka kiganjani utamdhania nyungunyungu mweusi, mpaka umtazame kwa kioo cha kukuzia ndipo uyaone magamba madogo yanayong'aa, vitone viwili vya macho vilivyofunikwa na gamba, na kijiba mwisho wa mkia anachokibonyeza kidoleni mwako pasipo kukuumiza. Hula mayai na mabuu ya sisimizi na mchwa. La ajabu zaidi, wote ni majike, na kila mmoja hutaga mayai yanayoanguliwa bila ya dume, kwa hiyo mmoja tu katika kiriba cha mche anatosha kuanzisha ukoo.

Je, aweza kuishi Lodwar? Jawabu huanza mbali na nyoka, kwenye kituo cha hali ya hewa cha mji ule, ambako saa tatu ya kila asubuhi kipimamvua husomwa, na hata kisipokuwa na tone, utupu huo nao huandikwa. Kwa kuandika huko kwa miaka na miaka tumejua kwamba wastani wa joto la Lodwar ni karibu nyuzi 30, na mvua yake takriban milimita 200 tu kwa mwaka. Nao wataalamu wa hali ya hewa Kinuthia na Asnani, mwaka 1982, waliubainisha mkondo wa upepo uendao kasi baina ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, upepo unaohusika na ukavu wa nchi hii. Mchora ramani huzikusanya sehemu zote alikowahi kuokotwa nyoka huyo, akatazama joto na mvua ya kila sehemu, kisha akaiagiza kompyuta imtafutie palipo na mfano wake. Akisha, huziondoa hewa za leo, akaweka zile zinazotazamiwa baada ya miaka hamsini, akachora upya.

Kwa kipimo hicho pekee, nyoka apendaye udongo wenye unyevu hana makao Turkana. Lakini stadi wa kweli haishii hapo, maana anajua kwamba ramani iliyogawanywa kwa miraba ya kilomita haiuoni mwarobaini mmoja wa Kakuma unaomwagiwa kila jioni maji yaliyofuliwa nguo. Kambi ile ya wakimbizi ilianza mwaka 1992, na watu wake, kama wenzao wa makazi jirani ya Kalobeyei, hupanda miche kwa ajili ya kivuli na mboga kwa ajili ya mlo. Na miche huja na udongo wake. Basi yeye hutenga maswali matatu ambayo wengi wetu huyachanganya: aweza kuishi? aweza kufika? amekwisha kufika?

Thamani ya kuyatenga ilidhihirika Marekani. Mwaka 2008, mintarafu ya chatu wa Burma aliyezagaa Florida, ramani moja ilimpa karibu theluthi ya nchi ile, na nyingine, kwa nyoka yule yule, ikambana kwenye ncha ya Florida na ukingo wa kusini wa Texas. Baridi ya Januari 2010 ikaja ikawaua chatu wengi palepale Florida. Sioni aibu katika tofauti ile. Naona heshima, kwa sababu kila upande uliweka hesabu zake wazi, hata mwingine akaweza kuzikosoa.

Nami katika sanaa hii namtukuza zaidi yule aandikaye kibandiko cha chupa anamohifadhiwa nyoka: mahali, tarehe, jina la aliyeokota. Turkana ni kubwa kuliko Rwanda zaidi ya mara mbili, na nyoka wanaojulikana aghalabu ni wale waliookotwa kando ya barabara. Penye karatasi tupu pengine hapana nyoka, pengine hapajapita mtu.

Kwa hiyo, ewe mwenye kitalu Lodwar, nawe mpokea miche Kakuma, kabla ya kupanda utazame udongo wa kiriba. Nyoka mwingine yeyote usimguse, kwani nchi yenu ina vifutu na swila. Lakini ukimwona mwembamba mweusi mfano wa nyungunyungu, naye akatoa ulimi, mtie katika chupa ya spiriti, andika mahali na siku, umpeleke kwa wataalamu wa Makumbusho ya Taifa, Nairobi.