Lawama ya Kipa, Taksiri ya Ukuta

Usiku wa tarehe 11 Oktoba 2023, katika mji wa Vancouver ulio pwani ya magharibi ya Kanada, timu ya Edmonton Oilers, ambayo wajuzi wengi wa mchezo wa magongo ya barafuni walikuwa wameitabiria kikombe, ilifungua msimu wake kwa kufungwa mabao 8 kwa 1, na Brock Boeser wa Vancouver peke yake akatia wavuni manne kati ya hayo. Jack Campbell, aliyeanza langoni, alitolewa, akaingia Stuart Skinner, na mabao yakaendelea kuingia vilevile. Tangu usiku ule hadi katikati ya Novemba, kila palipozungumzwa habari za Edmonton, neno lililotangulia mengine yote lilikuwa ni kipa. Nimerudia kuitazama michezo ile pole pole, nikisimamisha picha pale ambapo bao lilianza kuzaliwa badala ya pale lilipoingia, na ninaandika makala haya kwa sababu nasadiki kwamba aliyelaumiwa alistahili sehemu tu ya lawama ile, na kwamba sehemu iliyobaki ilikuwa juu ya wachezaji watano waliosimama mbele yake.

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo huu, yatosha kujua kwamba kila upande una wachezaji 5 watelezao kwa viatu vya vyuma, pamoja na kipa 1. Kwamba lango lina upana wa futi 6 na kimo cha futi 4. Na kwamba kinachogombewa ni kisahani cha mpira mgumu, upana wake inchi 3 na unene wake inchi 1, ambacho hugandishwa kabla ya mchezo ili kisirukeruke, nacho hupigwa kwa kasi ambayo mara nyingi mtazamaji hupata habari ya bao kwa ukelele wa umati kabla macho yake hayajaliona. Kipa, aliyevaa mito miguuni na glavu pana mkononi, hupimwa kwa hisabu moja iliyo rahisi, nayo ni kiasi cha mikwaju aliyoizuia katika ile iliyomfikia. Katika michezo yake 5 ya msimu ule Campbell alizuia mikwaju 873 kwa kila 1,000. Skinner alipomaliza msimu wa kawaida, wastani wake ulikuwa 905. Tofauti hiyo ikiandikwa hivi huonekana kama vumbi la mizani; lakini timu ikipigiwa mikwaju 30 kwa usiku mmoja, kipa wa kwanza ataruhusu mabao karibu 4, na wa pili hatafika 3, na bao hilo moja ndilo linalotenganisha timu inayocheza hadi Juni na timu inayofunga virago mwezi wa Aprili.

Hisabu hiyo, walakini, ina kasoro ambayo kila aliyewahi kusimama golini, katika mchezo wowote, huijua mwilini mwake: huuhesabu mkwaju uliopigwa kutoka mbali, kipa akiuona tangu ulipoondoka gongoni, sawa na mkwaju uliopigwa hatua mbili mbele ya lango baada ya kisahani kupitishwa kutoka upande wa kulia kwenda wa kushoto. Mkwaju wa kwanza hudakwa na kipa wa daraja la wastani pasipo taabu. Wa pili humlazimu kipa kusukuma mwili wake wote kutoka mwimo mmoja hadi mwimo wa pili katika muda usiotosha kupepesa jicho, na akifika hufika akiwa amefunguka miguu na mikono. Kwa hiyo swali la mchambuzi mwadilifu haliwezi kukoma katika kuuliza mikwaju mingapi ilizuiwa. Lazima liendelee mpaka liulize ilitoka wapi, na nani aliyeiachia njia.

Edmonton ilikuwa timu ya mashambulizi, na mashambulizi yake yalikuwa ya ajabu. Katika msimu wa 2022-23 ilifunga mabao 325, zaidi ya timu yoyote katika ligi. Nahodha wake, Connor McDavid, alijikusanyia pointi 153 za mabao na pasi za mabao. Na kila mpinzani alipopungukiwa mchezaji kwa adhabu, Edmonton iliitumia nafasi hiyo kufunga kwa asilimia 32.4, jambo ambalo halikuwahi kufikiwa na timu yoyote ya ligi ile. Pamoja na neema zote hizo ilitolewa na Vegas katika raundi ya pili ya mtoano, na Skinner, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza kamili, aliondolewa langoni katika michezo 4 kati ya 12 ya mtoano aliyoianza. Vegas ikaendelea hadi ikatwaa Kombe la Stanley, na kule Edmonton kocha Jay Woodcroft na wasaidizi wake wakakaa wakijiuliza wale waliowashinda walikuwa na nini ambacho wao hawakuwa nacho.

Jibu walilolipata, kwa maoni yangu, lilikuwa sahihi katika asili yake na likaharibika katika utekelezaji. Zamani walinzi wa Edmonton walipokuwa katika eneo lao walilinda mtu kwa mtu, yaani kila mmoja alimchukua mpinzani wake na kumfuata kokote aendako, hata akimzungusha nyuma ya lango. Msimu wa 2023-24 ulipokaribia, walifundishwa kulinda mahali badala ya mtu: wanne wafanye umbo la sanduku kuuzunguka uwanda ulio mbele ya lango, ambao ndio chimbuko la mabao mengi, na wa tano amwendee mwenye kisahani na kumbana ukutani. Ulinzi wa namna hii, ukizoeleka, ni sitara kubwa kwa kipa, maana humhakikishia kwamba mikwaju mingi itatoka pembeni au mbali. Lakini una mlango mmoja wa hatari. Mpinzani avukapo kutoka himaya ya mlinzi mmoja kuingia himaya ya mwingine, pana nukta ambapo si wa huyu wala si wa yule. Na wachezaji waliozoea miaka yote kuandama watu, wakiambiwa sasa wasimame na kungoja, huichelewa nukta hiyo. Itazame michezo ya Oktoba ile utaona walinzi wawili wakimtazama mtu mmoja, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye amchukuaye, na yule mtu akipokea kisahani katikati ya sanduku, mbele ya kipa, bila kuguswa.

Hilo lilikuwa ndani ya eneo lao wenyewe. Kosa la pili, ambalo mimi naliona lilikuwa baya zaidi, lilianzia upande wa pili wa uwanja, mbali kabisa na kipa. Timu yenye washambuliaji kama McDavid na Leon Draisaitl huwatia tamaa hata mabeki wake. Beki hupanda kuongeza nguvu, na hilo si dhambi, ilimradi mshambuliaji wa tatu arudi nyuma kidogo akalinde nafasi aliyoiacha. Huyu wa tatu ndiye aliyekosekana. Kisahani kilipotezwa karibu na mstari wa samawati unaotenga eneo la wapinzani, kikaokotwa, na ghafla wapinzani wawili wakawa wanateleza kumwendea beki mmoja aliye peke yake, naye Skinner au Campbell akiwatazama wakija. Katika hali hiyo ada ya mchezo ni kwamba beki azuie pasi na kipa amchukue mpigaji. Mabeki wa Edmonton, mara kwa mara, walisita baina ya mambo mawili: hawakuzuia pasi wala hawakumfikia mpigaji, bali walirudi nyuma, wakarudi tena, mpaka wakawa pazia la kumzibia kipa macho.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee wetu, na sijui mchezo ambao methali hiyo huonekana kwa macho kama huu. Mtazamaji aliye juu jukwaani huona kisahani kikipita chini ya mkono wa kipa, akaona ni jepesi la kudakwa. Haoni kwamba kipa yule alikuwa amesogea nusu hatua kuliacha pembe lake, kwa sababu katika michezo mitatu iliyotangulia pasi ya kuvuka lango haikuzuiwa na mtu, na sasa ameanza kuilinda yeye mwenyewe kabla haijapigwa. Hapo ndipo udhaifu wa ukuta unapogeuka kuwa udhaifu wa kipa. Akipoteza imani na walio mbele yake, kipa huanza kufanya kazi mbili, na afanyaye kazi mbili langoni hufungwa hata kwa mkwaju wa kwanza, ule wa wazi, ambao kila mtu ana haki ya kumlaumu kwao. Sisemi haya ili kuwatakasa Campbell na Skinner. Yalikuwapo mabao ambayo hayakuwa na sababu nyingine ila wao. Tena wale wanaopima ubora wa nafasi walionyesha kwamba katika wiki zile Edmonton ilitengeneza nafasi nzuri zaidi ya ilizoruhusu, na bado ikafungwa. Palikuwa na ufa pande zote mbili, na kila upande uliupanua wa mwenzake.

Uongozi ulianza na kipa. Tarehe 8 Novemba Campbell, aliyekuwa ametia saini mwaka 2022 mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 25, alipelekwa Bakersfield, California, katika ligi ya chini. Usiku uliofuata Edmonton ilikwenda San Jose kupambana na timu ambayo ilikuwa imeanza msimu kwa kupoteza michezo 11 mfululizo. Ikapiga mikwaju mingi kuliko wenyeji wake, na ikashindwa 3 kwa 2. Kipa aliyelaumiwa alikuwa hayupo tena, na msiba ulikuwa palepale. Tarehe 12 Novemba, ingawa usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameifunga Seattle, Woodcroft aliachishwa kazi akiwa na ushindi 3 katika michezo 13. Naona alionewa kwa kiasi fulani, kwani mfumo aliouleta ulihitaji muda, na muda ndio alionyimwa.

Aliyeshika nafasi yake, Kris Knoblauch, aliyewahi kumfundisha McDavid ujanani katika timu ya Erie Otters, hakubomoa nyumba yote. Jambo lililo muhimu zaidi lilikuwa ni kukabidhiwa kwa mabeki mikononi mwa Paul Coffey, ambaye katika msimu wa 1985-86 alifunga mabao 48, idadi ambayo hakuna beki mwingine wa ligi ile aliyeifikia. Yaweza kuonekana ajabu kumchagua mtu wa mashambulizi awafundishe watu kulinda, lakini ndani yake mlikuwa na hekima. Coffey aliwataka mabeki wakae na kisahani, wasikitupe ovyo ukutani kwa hofu, kwa kuwa timu iliyo na kisahani haiwezi kufungwa, na kila kisahani kinachotupwa ovyo ni shambulio jingine linalomrudia kipa. Mabeki walioacha kuogopa kisahani wakaacha pia kurudi nyuma: wakaanza kuwakabili wapinzani kwenye mstari wa samawati, kabla hawajapata kasi, na Mattias Ekholm na Evan Bouchard wakawa jozi ya kutegemewa. Kuanzia tarehe 21 Desemba hadi tarehe 27 Januari timu ilishinda michezo 16 mfululizo, ikabakiza mmoja tu kuifikia rekodi ya Pittsburgh ya msimu wa 1992-93. Na Skinner, kijana mzaliwa wa Edmonton yenyewe, akashinda 12 mfululizo. Mikono yake ilikuwa ileile ya Oktoba.

Uthabiti wa ukuta ule ulijaribiwa kwa ukali zaidi mwezi wa Mei, katika mtoano, na wapinzani walikuwa Vancouver walewale. Katika mchezo wa tatu Skinner alifungwa mabao 4 kwa mikwaju 15, akapumzishwa, na Calvin Pickard akalinda lango katika michezo miwili iliyofuata. Knoblauch alipomrudisha Skinner katika mchezo wa sita, alimrudisha nyuma ya timu iliyokuwa imekubali kuteseka kwa ajili yake: Vancouver ilipata mikwaju 15 tu usiku ule, na 17 tu katika mchezo wa saba, ikatolewa nyumbani kwake kwa 3 kwa 2. Sijaona njia bora ya kumrudishia kipa moyo wake. Na deni hilo lililipwa upesi, kwani katika mchezo wa sita dhidi ya Dallas mambo yaligeuka, Edmonton ikapiga mikwaju 10 na kupigiwa 35, na ni Skinner aliyesimama mpaka wakashinda 2 kwa 1 na kuingia fainali. Katika mtoano ule wote, kila walipocheza pungufu kwa sababu ya adhabu, walizuia zaidi ya asilimia 90 ya nafasi za wapinzani, na walizuia kwa sanduku lililoshikamana, kila mtu akijua mpaka wake.

Fainali dhidi ya Florida ilianza kwa kupoteza michezo mitatu, ikaendelea kwa kushinda mitatu, wa kwanza wake kwa 8 kwa 1, yaani hisabu ileile ya Vancouver iliyogeuzwa. Ukabaki wa saba, tarehe 24 Juni 2024. Matokeo yakiwa 1 kwa 1 katika kipindi cha pili, Sam Reinhart alipokea kisahani ubavuni mwa kulia katika shambulio la haraka, akapiga, na kikampita Skinner. Florida ikachukua kikombe kwa 2 kwa 1. Lilikuwa shambulio la kuvamia mbio, la jinsi ileile iliyowaua mwezi wa Oktoba, na katika usiku ule wote liliwadhuru mara moja.

Siku 6 baadaye klabu iliununua mkataba wa Campbell ili kumwacha huru, na gharama yake itaendelea kuandikwa katika hesabu za Edmonton hadi msimu wa 2029-30.