Shairi la Kuchekesha

Msomaji, usilidharau shairi la kitoto lenye kuchekesha. Kaluta Amri Abedi alizieleza sheria za vina na mizani katika kitabu chake cha mwaka 1954. Lakini sheria hukaa vema kichwani baada ya sikio kuionja ladha yake. Pima mishororo hii miwili, niliyowatungia wanafunzi wangu wa Kilifi:

Paka kavaa kilemba, kenda sokoni Malindi,
Kataka bei ya kamba, akasema, "Siipendi!"

Kila mshororo una mizani 16, nane kwa nane. Vina vya kati ni -mba, na vya mwisho ni -ndi. Sasa badili neno la mwisho, paka aseme, "Ni ghali mno!" Maana haikupotea, bali mizani imezidi moja, kina kimevunjika, na kicheko kimekufa. Sikio lilikuwa likiingojea -ndi, nalo limenyimwa.

Shairi la huzuni huweza kuzisitiri kasoro zake nyuma ya uzito wa maneno. Shairi la mzaha halina pa kujificha: likikosea, hakuna anayecheka. Basi cheka kwanza, kisha hesabu. Ajuaye kwa nini amecheka, siku moja atajua pia kwa nini amelia.