Nuru ya Mkereza

Katika vibanda vya maseremala vilivyopangana kando ya barabara kuu pale Mikumi, na katika karakana za Kilosa mjini, ni nadra siku hizi kumkuta mkereza aliyeichagua taa yake kwa nadhari ileile aliyochagulia gogo lake. Mninga ataugonga, ataunusa, ataugeuza juani apate kujua nyuzi zake zinakwendaje. Lakini taa huipokea pale ilipoachwa na fundi wa umeme, katikati ya dari, nyuma ya kisogo chake, hata kivuli cha kichwa chake mwenyewe kikawa kinamlalia juu ya bobari siku nzima, naye asione taksiri yoyote katika jambo hilo.

Nilimjua mzee mmoja wa Kilosa, sasa marehemu, aliyekereza matendegu ya vitanda na miguu ya viti kwa muda wa maisha yake yote ya utu uzima. Kabla umeme haujamfikia, kerezo lake lilikaa mbele ya dirisha la kusini, wala hakuliweka hapo kwa sadfa. Kilosa iko kusini mwa Ikweta kwa takriban nyuzi 7, na kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Kwa hiyo dirisha la kusini hupata nuru tulivu, isiyopiga macho wala kukata vivuli vikali. Umeme ulipokuja, mzee hakufurahia wingi wa mwanga kama walivyofurahia jirani zake. Alitaka taa imfanyie lile lililokuwa likifanywa na dirisha, na kwa ajili hiyo aliihamisha, akaishusha, akaipandisha, akaigeuza, mpaka aliporidhika.

Mahali alipoiweka ndipo ninapopakumbuka zaidi ya kazi zake zote. Taa ilikuwa kushoto kwake, juu kidogo tu ya usawa wa mti, na mwali wake ulitambaa juu ya mti kwa ubavu badala ya kuuangukia kutoka juu. Alipofika kwenye msasa wa mwisho alizima taa nyingine zote, akaiacha hiyo peke yake, na hapo kila alama ya patasi na kila mkwaruzo uliosahauliwa ulijitokeza, kama matuta ya shamba yanavyodhihirika jua linapokuchwa. Tendegu ambalo chini ya taa ya dari lingepita kuwa laini, mbele ya taa hiyo lilikiri aibu zake zote. Mzee alilirudia bila ya kunung'unika, hata kama mnunuzi alikuwa amekwisha kusimama mlangoni na fedha mkononi.

Alikuwa na hadhari nyingine, nazo zote zilikuwa na sababu. Hakuifunga taa kwenye mwili wa kerezo, maana mtetemo wa mashine hulegeza viungo vya mkono wa taa na kuukata uzi wa balbu. Aliikongomea kwenye nguzo ya ukuta, kwa mkono wa chuma wenye viungo. Hakuiweka katika njia ambayo kipande kingeruka kikichomoka. Waya aliupitisha mbali na kila kinachozunguka, na balbu ya moto hakuiruhusu kukaribia maranda. Akikereza mpingo aliongeza taa ya pili, kwa kuwa weusi wa mti huo humeza mwanga mwingi na kurudisha kidogo. Na akichimba bakuli, taa hiyo aliielekeza kinywani mwa chombo, ambamo mwanga wa dari haufiki.

Lakini linalonitia hofu zaidi ni taa ya mrija ya kizamani, ile yenye choki, ambayo bado inaning'inia katika karakana nyingi. Umeme wetu hufanya mizunguko 50 kwa sekunde, na taa hiyo huwaka na kufifia mara 100 katika sekunde hiyohiyo, kwa kasi ambayo jicho haliitambui. Sasa kitie kwenye kerezo kipande cha mti cha pembe nne, ukizungushe mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde: kila taa inapong'aa, mti umekwisha kupiga robo ya mzunguko, na kila pembe imekaa mahali pa mwenziwe. Jicho huona mti umesimama. Na kwa vile mota nyingi huenda pungufu kidogo ya mwendo huo, mti huonekana ukijongea kinyumenyume, polepole, ilhali kwa hakika pembe zake zinaweza kuvunja kidole. Hiyo ni khiyana ya nuru kwa mwenye kuiamini. Balbu ya uzi haina ila hiyo kwa kiasi cha kudhuru, kwani uzi wake haupati nafasi ya kupoa. Na katika taa mpya za LED zimo njema na zimo duni. Punga kijiti upesi mbele ya taa: ukiona vijiti vingi vilivyotengana, usiifunge hapo.

Nchi yetu haikunyimwa nuru. Kusini mwa Mikumi, mitambo ya Kidatu imekuwa ikizalisha umeme kwa maji ya Ruaha Mkuu tangu 1975, na tangu 2024 treni ya umeme inapita Kilosa ikielekea Dodoma. Kilichopungua ni subira ya kuitengeneza nuru hiyo iifae kazi, na kwa upungufu huo tunauziwa miguu ya meza ambayo mchana, ikitolewa uani, huonyesha mikwaruzo ambayo mtengenezaji wake hakupata kuiona.

Enyi mafundi wenye wanagenzi, katika vibanda na katika vyuo vya ufundi, msimpe kijana bobari siku ya kwanza. Mpeni taa na kamba ya kuifungia, mwacheni aihamishe mpaka aione kazi, kisha ndipo mwashe mashine.