Mgomba Uliochanwa na Upepo: Bashō na Ushairi wa Mwishoni mwa Mapukutiko

Mwanafunzi wa fasihi katika Afrika Mashariki aghalabu huyajua majira ya mapukutiko kabla hajayaona. Huyapata darasani, katika mashairi ya Kiingereza kama lile alilolitunga John Keats mjini Winchester mwezi wa Septemba 1819, naye hutoka humo na picha chache: ukungu wa asubuhi, ndege wanaojikusanya kuhama, jani linaloanguka. Baadaye, anapoanza kutunga kwa Kiswahili, picha hizo ndizo zinazomjia kalamuni kila atakapo kusema huzuni, ilhali nje ya dirisha lake mvua za vuli zinachipusha mahindi. Kosa hilo halitokani na uhaba wa elimu. Latokana na dhana kwamba ushairi umo katika majira yenyewe, kama asali iliyomo mzingani, na kwamba asiyekuwa na majira hayo hana budi kuyaazima. Kazi za Matsuo Bashō (1644–1694), mtunzi wa Kijapani, zatoa jibu jingine.

Katika kalenda ya jadi ya Wajapani, majira hayo yalikuwa miezi mitatu ya mwandamo, wa saba hadi wa tisa. Mwezi wa tisa ndio uliokuwa mwisho wake, yaani takriban Oktoba hadi mwanzo wa Novemba. Hokku, utungo mfupi ambao siku hizi huitwa haiku, huwa na mizani 17 iliyogawanywa 5, 7 na 5. Haina vina, lakini ina sharti ambalo ushairi wa Kiswahili haukuliweka: kuwemo kwa kigo, yaani neno la majira. Kwa neno hilo moja msomaji hujua mara moja ni wakati gani wa mwaka, na mtunzi hahitaji kueleza zaidi.

Mwaka 1680 Bashō alitunga hokku ambayo ndani yake hamna ila tawi kavu, kunguru aliyetua, na neno la majira. Ili kuutambua ujasiri wake, ni lazima kukumbuka yaliyomtangulia. Katika Shin Kokinshū, diwani iliyokusanywa kwa amri ya kifalme na kuwasilishwa mwaka 1205, magharibi ya majira hayo ilikuwa tayari mada kongwe. Yamo humo mashairi matatu mashuhuri, la Jakuren, la Saigyō na la Teika, ambayo yote humalizikia kwa neno hilo hilo. Vitu vilivyostahili kutajwa vilikwisha kujulikana: mwezi, kulungu aliaye, majani mekundu ya mlimani. Kunguru ni ndege wa kila siku, ambaye watu humfukuza.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba jicho la Bashō lilikuwa jicho lisilofunzwa. Kunguru juu ya mti mkavu alikuwa amekwisha kuchorwa katika sanaa ya wino iliyotoka China, na Bashō aliijua mada hiyo. Wala hakulitupa shairi lake baada ya siku moja. Lilipochapishwa tena mwaka 1689 lilikuwa limesahihishwa: kipande cha kati, kilichokuwa na mizani 10, kilibaki na 9, ingawa kanuni yadai 7. Kwa hiyo kitu cha kawaida hakikuingia ushairini kwa bahati. Kilichaguliwa, kikapimwa, kisha kikarudiwa.

Kiswahili kinapojaribu kulipokea shairi hili hukwama mara tatu. Kwanza, Kijapani hakionyeshi kama kunguru ni mmoja au ni wengi. Nomino ya Kiswahili nayo haionyeshi, lakini kitenzi hakikubali kunyamaza: ama ametua, ama wametua. Pili, neno la majira lililotumiwa lina maana mbili, jioni ya majira na mwisho wa majira, na mtunzi ameziacha zote mbili zikae pamoja. Tatu, majira yenyewe yaitweje? Wapo wafasiri wayaitao vuli, wapo wayaitao demani, wapo wasemao mapukutiko. Neno vuli ndilo lenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa kwa msemaji wa Kiswahili vuli ni mvua ya kupandia. Mfasiri akiandika vuli, lile tawi kavu lachipuka mkononi mwake.

Ila kipo kitu kimoja kinachovuka bahari bila kuharibika, nacho kimo katika jina la mtunzi mwenyewe. Mwaka 1681 mwanafunzi wake aitwaye Rika alimletea mche wa mgomba, ukapandwa kando ya kibanda chake huko Fukagawa, katika mji wa Edo ambao leo ni Tokyo. Mgomba ulistawi, kibanda kikaitwa kwa jina lake, kisha mwenye kibanda naye akajiita hivyo: bashō ni mgomba. Mgomba huo ni wa aina isiyozaa ndizi za kulika. Katika insha aliyoiandika mwaka 1692 Bashō alieleza kwamba aliupenda kwa kutofaa kwake: shina lake si mbao, na majani yake mapana huchanwachanwa na upepo na mvua. Mgomba uliochanika ni mojawapo ya maneno yanayotambulisha mwishoni mwa mapukutiko katika ushairi wa Kijapani.

Msomaji wa Kisii, wa Murang'a au wa Pwani hana budi kushtuka hapa. Mgomba ni mti wa nyuma ya nyumba yake. Ni chakula na ni fedha, na jani lake hufunikia chungu. Kwa sababu una manufaa mengi hivyo, jani lililochanika halitazamwi, kwani jicho hupita moja kwa moja hadi kwenye mkungu. Bashō hakuwa na mkungu wa kungojea, akabaki na jani. Ushairi wake waanza pale mtu anapokitazama kitu bila kukidai chochote, na utazamaji huo hautegemei nchi wala majira.

Wala si mgeni katika Kiswahili. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, hakuazima picha za maangamizi kutoka mbali. Aliziona katika majumba ya Pate: makinda ya ndege katika madaka yaliyopangwa sahani zamani, bundi, mende na nyenje. Tofauti iliyopo ni kwamba viumbe hao ni mashahidi katika hoja ambayo mtunzi anaiambia nafsi yake, ilhali kunguru wa Bashō hashuhudii lolote na hakuna funzo linalomfuata. Mhakiki hana sababu ya kuiinua njia moja na kuishusha nyingine. Lakini yafaa kuonya kwamba mtunzi asiye na uzito wa Sayyid Abdalla huharakia funzo kabla hajamwona mende.

Basi kinachofaa kuchukuliwa kwa Bashō si jani lipukutikalo, bali uvumilivu wa jicho. Wakati uleule Fukagawa inapofikia mwisho wa mapukutiko yake, sehemu nyingi za Kenya hupata vuli. Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini usiku na kuizunguka taa, na asubuhi mbawa zao hufagiwa kizingitini pamoja na vumbi. Huo nao ni mpukutiko, wenye wakati wake na wenye jina lake, nao hauhitaji kufasiriwa. Mwanafunzi aliyekwisha kuzifagia mbawa hizo hana haja ya kuazima majani ya Winchester.