Mabasi ya Kinshasa na Majina Yake

Tumezoea kuona watu wakihakiki vitabu, nyimbo na picha. Leo twataka kuhakiki kitu ambacho watu wa Kinshasa wanakipanda asubuhi na mangaribi, ndicho basi. Kwa maana basi nalo ni kazi ya akili na mikono ya watu, laweza kuwa jema au baya. Tena abiria wana namna yao ya kutoa hukumu: hawaandiki barua, wanalipa basi jina.

Tuanze na mambo ya zamani. Mwaka 1955, mji ukiitwa bado Léopoldville, yalianza kazi mabasi ya ajabu, ufundi wa kiwanda cha Oerlikon cha Uswisi. Yaliitwa jirobasi. Hayakutumia mafuta, wala hapakuwa na nyaya za umeme juu ya njia nzima. Ndani yake mlikuwa gurudumu zito lenye kuzunguka mbio sana, na mbio ile ndiyo iliyotunza nguvu. Kila kilomita 2 hivi palikuwa mahali pa kuvuta umeme, gurudumu likaongezewa mbio, na safari ikaendelea. Yalikuwa 12, urefu wa kila moja mita 10.4, nalo liliweza kuchukua watu mpaka 90.

Ukitazama ufundi peke yake, utasifu. Lakini mashofere walipenda kukata njia kwa kupita barabara za udongo, na mvua ikinyesha zile zilikuwa matope matupu. Beringi za gurudumu zikavunjika, unyevu wa hewa ukazishinda mota, na umeme ukala feza nyingi mno. Mwaka 1959 yakaachwa. Sisi twasema hivi: akili nyingi ilitumika kwa gurudumu, na kidogo kwa matope.

Baadaye, katika miaka ya Zaire, watu walipanda fula-fula, yaani lori lililojengewa sanduku na mabenchi. Kisha ikaja Mercedes 207. Hii ilikuwa gari ya kubeba mizigo, iliyofika kutoka Ulaya ikiwa imekwisha kutumika. Mafundi wa Kinshasa walikata madirisha katika mabati, wakafunga mabenchi ndani, na watu wakakaa wamebanana bega kwa bega katika joto. Abiria waliona ajali zake, wakaipa jina la Kifaransa: Esprit de mort, maana yake Roho ya Mauti. Je, kuna mhakiki aliyesema neno fupi na kali kuliko hilo?

Mtu atatuuliza: kama ni mbaya hivyo, mbona watu waliipanda? Swali hilo ni la haki. Walipanda kwa sababu mabasi makubwa yalikuwa machache, na mtu wa kazi hawezi kungoja mpaka jua lipande. Tena 207 ilivumilia mashimo, na mafundi wa mitaani walijua kuitengeneza. Hapo ndipo twaona ajabu ya mambo haya. Jirobasi lilifanywa kwa ajili ya watu, likashindwa na njia. 207 iliiweza njia, lakini haikufanywa kwa ajili ya watu. Mzigo hauhitaji hewa, wala haulii gari ikipinduka. Dirisha lililokatwa kwa msumeno haligeuzi gari ya mizigo kuwa basi.

Mwaka 2013 serikali ilianzisha Transco, kampuni yenye mabasi makubwa. Baada yake yakaja mabasi madogo yaliyoitwa Esprit de vie, yaani Roho ya Uhai. Jina hilo latufundisha jambo: wakubwa walikubali hukumu ya abiria, wakaijibu kwa maneno yao yao. Watu walisifu viti na madirisha ya kweli. Walisifu pia kufika mwisho wa safari kwa nauli moja, kwa maana mashofere wengine wana desturi iitwayo demi-terrain: wanakata safari katikati ili abiria alipe mara mbili. Lakini walilalamika kwa kungoja muda mrefu na kusongana mlangoni. Malalamiko hayo si utovu wa shukrani. Basi zuri lisilofika halimsaidii anayelingoja, naye atapanda lile baya lililo mbele yake.

Wazee walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaochagua mabasi, mara nyingi wao wenyewe wanakwenda kwa motokari zao. Kwa hiyo yawapasa kwanza kuwauliza wale wanaopanda. Basi jipya likifika, tusitazame rangi yake tu. Tuulize kama litaweza njia yetu wakati wa mvua, kama limefanywa kwa ajili ya mtu wala si kwa ajili ya gunia, na kama litafika kila siku. Baada ya miezi michache tusikilize jina ambalo watu wamelipa.